Juu ya Barua ya Kuahirishwa

Hotuba iliyosomwa na mwalimu mstaafu mbele ya wanachama wa Jumuiya na wageni wao, Buyenzi, Bujumbura



Kamati imeniomba niseme maneno machache juu ya elimu ya vijana wetu walioko ng'ambo, nami naishukuru kwa heshima hiyo. Kwa desturi yetu, katika siku kama ya leo msemaji wa elimu husimama akasoma majina ya waliofaulu, watu wakaitikia kwa takbiri, kisha tukaenda kula. Desturi hiyo ni njema, na mimi mwenyewe niliisimamia miaka mingi nilipokuwa mwalimu. Lakini leo nitawaomba mnivumilie, maana nataka kusema juu ya barua ambayo haikusema ndiyo wala hapana, na juu ya msichana aliyeificha barua hiyo siku tisa. Tena nina deni kwenu ninyi mlioketi hapa, nami napenda kulilipa mbele ya watu, kwa kuwa nililikopa mbele ya watu.

Wazee wa hapa wamjua ndugu yangu mdogo. Mwaka 1972 mama yetu alikimbia naye akiwa mgongoni. Mimi nilibaki Buyenzi kwa shangazi yetu. Yeye alikulia ukimbizini, kwanza Rwanda, kisha Tanzania, akaoa kambini, akapata watoto kambini. Serikali ya Marekani ilipoanza mwaka 2007 kuwapokea wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliokuwa katika makambi ya Tanzania, jina lake lilikuwamo, na mwaka uliofuata alikwenda na mkewe na watoto wao wawili. Binti nitakayewasimulia habari zake alikuwa hajatimiza miaka miwili. Amenipa ruhusa niseme, kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, wala nisitaje chuo. Nimeyakubali yote mawili.

Mwanzo wa Novemba 2023 nilikwenda kumtembelea ndugu yangu, nikakaa kwake miezi mitatu. Sitawachosha kwa habari za theluji. Yeye hufanya kazi ya usiku katika ghala la bidhaa. Arudipo alfajiri huswali, hunywa chai, hulala. Mkewe huwatunza wazee katika nyumba moja ya kulelea wazee. Katika ukuta wa jiko lao palikuwa pamebandikwa karatasi yenye majina ya vyuo saba, yamegawanywa katika mafungu matatu, na kila niliponywa chai nilikuwa nikiitazama karatasi ile bila kuifahamu.

Hapa yapasa nieleze kidogo, maana desturi yao si kama yetu. Sisi tumezoea mtihani wa taifa: mtoto hufanya mtihani wake mwisho wa sekondari, alama zikatoka, na alama hizo ndizo zimfunguliazo au zimfungiazo mlango. Kule hakuna mtihani mmoja wa namna hiyo. Mtoto mwenyewe huviandikia vyuo avitakavyo, na kila chuo kina kamati yake. Kamati hutazama alama za miaka ya sekondari, barua za walimu, na insha alizoandika mtoto kujieleza yeye ni nani na ataka nini. Vyuo vingine hutaka pia alama za mtihani mkubwa wa kupimia wanafunzi, na vingi viliacha kuulazimisha tangu maradhi ya Korona ya mwaka 2020. Basi kwa kuwa hakuna ajuaye kamati itasema nini, washauri wa shule huwafundisha watoto wagawe vyuo mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vyuo vya ndoto, ambavyo hata mtoto hodari hukataliwa. La pili ni vyuo vya kiasi chake. La tatu ni chuo ambacho alama zake zapita sana alama za wanaopokelewa humo kwa kawaida, kiasi cha kila mtu kusema, "Hapa huwezi kukosa." Mimi chuo hicho nakiita chuo cha akiba, kwa kuwa twasema akiba haiozi. Mtaona kwamba yaweza kuoza.

Binti yetu alitaka kusomea uuguzi. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa juu kabisa katika shule yake, na chuo chake cha akiba kilikuwa chuo kikuu cha jimbo wanamokaa. Kule kuna maombi ya mapema, ambayo hupelekwa kwa kawaida tarehe 1 au 15 Novemba, na majibu yake hutoka mara nyingi katikati ya Desemba, kabla ya maombi ya kawaida ambayo mwisho wake ni mwanzoni mwa Januari au katikati yake. Maombi ya mapema ni ya namna mbili. Namna moja humfunga mtoto: akikubaliwa hana budi kwenda huko na kuyaondoa maombi yake yote mengine. Namna ya pili haimfungi. Akikubaliwa aweza kungoja hadi tarehe 1 Mei, ambayo kwa kawaida ndiyo siku ya kujibu. Binti yetu alitumia namna hii isiyofunga, akapeleka maombi yake kwenye chuo cha akiba tarehe 1 Novemba, siku tatu kabla sijafika.

Siku moja nilimwuliza ndugu yangu habari za karatasi ile ya ukutani. Akaweka kidole juu ya jina la mwisho akasema, "Kaka, hapa ni kama amekwisha ingia. Mshauri wa shule amesema hivyo." Mimi, kwa furaha ya kusikia kwamba mtoto aliyezaliwa kambini yu karibu kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nililiondoa lile neno "kama". Jioni ile ile nilipiga simu hapa kwa Bwana Mwenyekiti nikamwambia kwamba binti yetu ameingia chuo kikuu kusomea uuguzi. Mnakumbuka yaliyofuata. Habari ilitangazwa baada ya swala ya Ijumaa. Watu waliomba dua. Mke wangu aliniandikia kwamba majirani wameleta mchele na sukari nyumbani kwetu, na kwamba wasichana wawili wa mtaani wamekwenda kuuliza jinsi ya kusomea uuguzi. Sikuona ubaya wowote katika hayo, nikamwonyesha binti picha za mchele na za watu waliokuja. Alitabasamu. Sasa najua tabasamu lile lilikuwa la namna gani.

Majibu yalitoka katikati ya Desemba. Siku hizi hayaji katika bahasha. Hutokea katika simu, saa iliyotangazwa, na watoto wa darasa zima hufungua saa hiyo hiyo moja. Binti alifungua akiwa shuleni. Hakusema neno. Alirudi nyumbani, akapika na mama yake, akamsaidia mdogo wake hesabu, akalala. Siku ya pili vivyo hivyo. Ndugu yangu alipouliza, alijibiwa kwamba majibu bado. Neno hilo lilikuwa kweli kuliko alivyokusudia, lakini hakuna aliyelifahamu.

Siku ya tisa mimi nilimwambia, "Mwanangu, barua ya chuo ikifika nipe niipige picha niipeleke Buyenzi, watu waione kwa macho yao." Aliondoka mezani. Nilidhani amekwenda kuswali. Akarudi na simu yake, akaiweka mbele yangu bila kusema kitu, akabaki amesimama.

Mimi Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Nimesomeshwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa nilifundisha maisha yangu yote. Nilisoma barua ile nikakuta neno "deferred". Nanyi mwajua kwa Kifaransa neno linalofanana nalo lina maana gani: katika magazeti yetu, mtu asemwaye hivyo amepelekwa mbele ya mwendesha mashtaka. Moyo ulinipasuka. Nikamwuliza kwa sauti ndogo, baba yake asisikie, "Mwanangu, umeshitakiwa kwa kosa gani?"

Alinitazama, akacheka kicheko kikubwa ambacho sijapata kukisikia kwake. Kisha kicheko kile kikageuka kilio, akakaa chini sakafuni. Ndipo aliponieleza kwamba chuo hakikumkataa wala hakikumkubali. Kimeyasogeza mbele maombi yake yakatazamwe tena pamoja na maombi ya kawaida, na jibu litatoka mwisho wa Machi. Nikamwambia, kama mwalimu wa zamani asemavyo, kwamba basi hakuna msiba, kungoja miezi mitatu si kitu. Akanijibu maneno ambayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo. Alisema, "Baba mkubwa, chuo hakikuniliza. Nililia kwa sababu ya Buyenzi. Watu wamekula mchele."

Ndugu zangu, mtoto yule hakupata kuiona Buyenzi hata siku moja. Lakini kwa siku tisa alikuwa amebeba mtaa mzima mabegani, na aliyeuweka mtaa huo juu ya mabega yake ni mimi.

Nataka kueleza sasa jinsi barua kama hii itokeavyo, kwa sababu watoto wa wengi kati yenu wataipokea, nanyi mtaambiwa kwa simu, usiku, na mtu anayelia.

Kwanza yafaa kujua wingi wa maombi. Zamani mtoto aliandika barua mbalimbali kwa kila chuo. Mwaka 1975 vyuo 15 vilikubaliana kutumia fomu moja, iitwayo Common Application, na leo vyuo vinavyoitumia vimepita 1,000. Kwa fomu hiyo mtoto mmoja aweza kuomba vyuo hata 20. Kwa hiyo kila chuo hupata maombi mengi ya watoto ambao hakijui kama watakuja. Chuo cha Los Angeles katika jimbo la California, ambacho hakitumii fomu hiyo bali ile ya jimbo lake, kilipata mwaka 2023 maombi zaidi ya 140,000 ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Huo ni mji mzima unaoomba vitanda vya hospitali moja. Alama zilizotosha mwaka juzi hazitoshi mwaka huu, na mshauri wa shule ahesabuye kwa daftari la mwaka juzi hukosea bila ya kusema uwongo.

La pili, chuo kikuu si mlango mmoja. Mtoto aweza kuzidi alama za chuo kwa jumla, lakini idara aliyoichagua ikawa nyembamba. Uuguzi ni hivyo, uhandisi ni hivyo, na elimu ya kompyuta. Muuguzi hafundishwi katika ukumbi wa watu 500. Sharti awe na mwalimu na wagonjwa wa kufundishiwa, na nafasi hospitalini huhesabiwa kwa vidole. Chuo kile kilikuwa cha akiba kwa mtu asomaye historia. Kwa mtu wa uuguzi hakikuwa akiba hata kidogo, nasi hatukulitambua hilo.

La tatu ni gumu kulisema. Vyuo vingine hupima kama mwombaji ana nia ya kuja kweli kweli, kwa sababu havipendi kutoa nafasi ikarudishwa. Siwezi kudai kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa binti yetu. Chuo hakikutoa sababu, na kwa desturi vyuo havitoi. Lakini nilimwomba anisomee aliyowaandikia. Chuo kilikuwa kimeuliza, kwa nini wataka kuja kwetu? Kwa chuo chake cha ndoto aliandika insha miezi miwili, akaifuta, akaandika tena, akampa mwalimu aitazame. Kwa chuo cha akiba aliandika sentensi nne, usiku mmoja, na mojawapo ilisema kwamba ni karibu na nyumbani. Alipomaliza kunisomea aliona haya. Mimi sikumlaumu. Ni nani kati yetu aandikaye barua ndefu kwa mtu anayeamini kwamba hawezi kumkataa? Twafanya hivyo hata kwa jamaa zetu.

Na mara nyingine sababu ni nyepesi kuliko zote: kamati yataka tu kuziona alama za nusu ya mwaka wa mwisho, ambazo mwezi wa Novemba hazijatoka bado.

Tulipomweleza ndugu yangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema atakwenda chuoni pamoja na imamu wa msikiti wao na wazee wawili wa jamaa ya Warundi, wakaseme kwa ajili ya mtoto. Wazee wenzangu, mimi niliona jambo hilo ni la busara kabisa. Hapa kwetu ndivyo tungefanya. Binti alishikwa na hofu, akamwomba baba yake asubiri mpaka shule ifunguliwe amwulize mshauri wake. Mshauri alisema kwa upole kwamba wazee wakienda hawatamdhuru, lakini hawatapata wa kuongea naye, kwa sababu kule ombi ni la mtoto na chuo hutaka kusikia sauti yake tu. Jamaa wakiandika barua kumi, barua kumi hizo huwekwa kando.

Alichomshauri ni haya. Aisome barua yote mpaka chini, kwa kuwa katika mistari ya mwisho chuo huandika kinataka nini na hakitaki nini. Vyuo vingine hupenda kupata barua moja ya kuonyesha kwamba mtoto angali anawataka, vingine hukataza kabisa kuletewa kitu chochote zaidi ya alama. Chuo chetu kiliruhusu barua moja. Basi aliandika, safari hii kwa siku nane, akaeleza mambo ambayo hayakuwa katika maombi ya kwanza: kwamba huenda kila Jumamosi na mama yake kwenye nyumba ile ya wazee, na kwamba mzee mmoja wa Kikongo aliyekuwa amesahau Kiingereza chote kwa uzee alikuwa akisema na yeye peke yake, kwa Kiswahili. Niliposikia hayo nilimwuliza kwa nini hakuyaandika tangu mwanzo. Akasema, "Sikudhani ni kitu." Alama za nusu mwaka zilipotoka, shule ilizipeleka.

Lakini jambo lililo kubwa zaidi lilikuwa kalenda. Siku tisa za kuficha zilikuwa zimetufikisha tarehe 24 Desemba, na milango ya vyuo vingine ilikuwa yafungwa tarehe 1 na 15 Januari. Msichana alikuwa ameacha kuandika maombi yale mengine tangu siku ya barua, mkono ulimkataa. Angeficha siku 20, angekuta milango mingi imefungwa, na hapo kuahirishwa kungekuwa kumegeuka kuwa kukosa kwa kweli, si kwa sababu ya kamati ila kwa sababu ya aibu. Aliandika maombi mawili katika siku saba zilizobaki, na mengine mawili baadaye. Aliongeza pia kile ambacho hakikuwa katika karatasi ya ukutani: chuo cha miaka miwili cha wilaya yao, ambacho humpokea kila mtu aliyemaliza sekondari, ijapokuwa darasa lake la uuguzi nalo huchagua wa kuingia.

Baba yake hakupenda. Kwa masikio yake hicho hakikuwa chuo.

Nami nitasema kidogo juu ya fedha, kwa kuwa wengi wetu twaogopa riba na twafanya vizuri kuiogopa. Chuo kinachomkubali mtoto lakini hawezi kukilipa ila kwa mkopo wa riba, hicho kwa Mwislamu huyu si akiba. Twakihesabu kuwa akiba kwa sababu ya alama tu, tukasahau bei. Kule kuna msaada wa serikali uitwao Pell, usiorudishwa, ambao kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024–25 kilikuwa dola 7,395. Hupewa wenye kipato kidogo, nao huombwa kwa fomu ambayo kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba. Mwaka ule serikali ilikuwa imeitengeneza fomu upya, ikafunguliwa mwisho kabisa wa Desemba 2023 kwa taabu nyingi, na vyuo havikuanza kupokea habari zake mpaka Machi 2024. Vyuo vingi vililazimika kusogeza mbele ile siku ya 1 Mei. Kwa hiyo mwaka ule serikali yenyewe iliahirishwa, na watoto ambao walikuwa wamekubaliwa tangu Desemba walikaa wakingoja bei pamoja na wale waliokuwa wakingoja jibu. Binti yetu alinipigia simu kunieleza hayo, akasema sasa ana wenzake.

Mimi nilirudi hapa mwanzo wa Februari. Na sasa nafika katika deni langu.

Mliponipokea mliniuliza, binti yu hali gani? Nilijibu, "Anaendelea vizuri." Bwana Katibu aliniuliza kama aliandike jina lake katika orodha ya wanafunzi wa vyuo vikuu, nikasema, "Andika." Wakati huo jibu lilikuwa bado. Sikusema uwongo mkubwa. Nilinyamaza tu, kila mara kidogo, kama mtu anayeficha sarafu za wengine mfukoni mwake.

Mwisho wa Machi jibu lilitoka: amekubaliwa chuo kikuu, lakini si katika uuguzi. Aingie, asome masomo ya jumla, na kuhusu uuguzi hawaahidi kitu. Ndugu yangu alifurahi, akanipigia simu. Nami nilifurahi kuliko yeye, kwa kuwa niliona neno langu la Novemba limesalimika. Nilimwambia binti achukue nafasi ile mara moja. Akaniuliza kwa adabu, "Baba mkubwa, wao hawanipi uuguzi. Na msaada hautoshi gharama za kulala na kula huko. Nani atakayelipa kilichobaki? Buyenzi?"

Sikuwa na jibu. Niliona ya kuwa nilikuwa namshauri mtoto juu ya maisha yake ili kuilinda simu niliyoipiga jioni moja.

Alikwenda chuo cha wilaya Agosti 2024. Anakaa nyumbani, anapanda basi, na msaada ule umelipa ada yake yote. Mwaka wa kwanza alisoma masomo ya msingi ya mwili wa binadamu na kemia, akaomba nafasi katika darasa la uuguzi, akaipata. Akimaliza ataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni sawasawa na yule aliyesoma miaka minne, na akipenda ataweza kuendelea baadaye kutafuta shahada. Baba yake mpaka leo akiulizwa msikitini husema "yuko chuoni" akageuza maneno. Namwelewa. Alivuka nchi tatu na bahari, akataka jina la chuo liwe kubwa kama safari yenyewe.

Bwana Mwenyekiti, jina la binti huyu limo katika orodha yetu ya mwaka 2024, katika fungu la vyuo vikuu. Naomba Kamati ilisahihishe, na katika kijitabu hiki liandikwe fungu lake la kweli. Kosa hilo ni langu. Kwa wale walioleta mchele na sukari, nawaomba radhi. Na kwa wale wasichana wawili waliokwenda kumwuliza mke wangu, nimewatafuta, na mmoja wao yumo humu ukumbini.

Naomba tena jambo moja dogo kwa Kamati. Orodha ya wanafunzi isomwe baada ya mtoto kuingia darasani, si kabla. Na asiitangaze habari ya mtoto mtu mwingine, hata awe baba mkubwa, mpaka mtoto mwenyewe amekubali. Najua hili litatupunguzia shangwe. Mwaka jana tulisoma majina 14, na nimesikia, baada ya swala, kwamba wawili katika hao nao walikuwa wakingoja barua.

Wazazi ambao watoto wao, hapa au huko kwa jamaa zao, wanaandika maombi msimu huu, nitakuwa hapa ofisini kila Jumamosi baada ya Alasiri mpaka mwisho wa Januari. Njooni na barua yenyewe, msije na tafsiri. Kiingereza changu mmekwisha kukisikia kilivyo, lakini mke wa Bwana Mweka Hazina alisomeshwa Kampala, naye amekubali kutusomea.

Binti amenitumia barua ya mkono juma lililopita, karatasi mbili, juu ya siku yake ya kwanza wodini. Ameniomba nisiisome mbele ya watu. Iko hapa mfukoni.

Wassalaam alaykum.